Mwalimu wa Chini ya Meza

Al Wukair, Doha
14 Septemba 2024

Kwako Shangazi Rael,

Salamu nyingi kutoka kwa mtoto wa kaka yako. Hujambo? Masikio yanasemaje? Najua simu huitaki kabisa, hata ya kwako huna, unasema inakupigia kelele tu na maneno hayafiki. Basi nimekaa chini na kalamu kama ulivyotulea, na barua hii anakuletea Gerishon, mlinzi mmoja anayekaa Al Rayyan, kwao ni Kamukuywa, anakuja likizo. Mpe chai. Habari zangu usimwulize, huyo hupenda kuongeza chumvi. Anayo pia dawa ya mguu wa baba. Mwambie baba aimalize yote, asiache katikati kama ile nyingine.

Sasa jambo lenyewe. Binti yako Stacy amefika salama. Nilimpokea mwenyewe uwanja wa ndege. Alikuwa amevaa sweta, Shangazi! Joto la Septemba lilimkuta mlangoni akasimama kwanza, akaniuliza kama kuna kitu kinaungua. Amepangiwa darasa la kwanza kwenye shule yetu, na mkuu wa shule, ambaye huku tunamwita mudira, amempenda tangu alipomsikia akifundisha watoto kusoma.

Umeniuliza mara nyingi kazi yangu ni nini hasa, nami nimekuwa nikikujibu juujuu. Leo nitakueleza. Zamani walimu Waafrika wa hapa walikuwa wakiondoka katikati ya mwaka. Wazazi wanalalamikia rangi yao, walimu wenzao hawaketi nao, mwisho mtu anafunga sanduku na kwenda. Shule ikaona haya, kwa sababu kwenye matangazo yake inajisifu kuwa ina walimu wa kila taifa. Mudira akaniita, akaniambia hawa ni watu wako, nakupa cheo cha mratibu, wasaidie, ila wasiondoke. Ndiyo kazi yangu. Sina darasa tena, nina walimu. Na tangu niishike hajaondoka hata mmoja.

Siri yangu ni ndogo. Mwalimu mgeni akitua, namnunulia karak, ile chai ya maziwa na iliki ya huku, halafu namwuliza kwa mzaha: "Nyumbani unamwogopa nani zaidi?" Wengine husema baba, mmoja alimtaja pasta. Siku akitaka kuondoka sibishani naye, namtafuta yule. Sheria ya siku hizi inamruhusu mtu kuacha kazi akitaka, kwa hiyo mkataba haumshiki. Kinachomshika ni kwao. Stacy naye nilimwuliza. Hakufikiri hata kidogo. "Mum," akasema, tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Usiwe na wasiwasi. Yuko mikononi mwangu.

Mwanao,
Nafula


Kimilili
20 Oktoba 2024

Nafula,

Nimepata barua, na dawa nimempa kaka yangu. Gerishon alikula ugali wa watu wawili na hakusema lolote la maana, kwa hiyo kuwa na amani. Sisi tu wazima. Mvua haijataka kutuacha, mahindi yapo uani, yamefunikwa turubai na kila asubuhi naenda kuyanusa kama yameanza kuoza. Baba yako anatembea mpaka barabarani na kurudi.

Jumapili iliyopita tulifanya ibada ya shukrani kwa ajili ya Stacy. Kwaya yote iliimba. Nilisimama mbele nikawaambia watu: huyu mtoto alikaa na cheti chake miaka na miaka bila serikali kumwajiri, mkawa mnasema binti wa mwalimu mkuu anauza mitumba soko la Chwele. Sasa anafundisha Uarabuni. Mke wa diwani alitazama viatu vyake. Ilinipendeza, sitakudanganya.

Hiyo hila yako ya kumwuliza mtu anamwogopa nani, niliposoma nilicheka. Niliposoma mara ya pili sikucheka sana. Lakini kazi ni yako, unaijua mwenyewe.

Nina swali. Stacy ananiandikia ujumbe wa maneno mawili kwa simu ya duka la M-Pesa. "Niko poa." Mtoto huyu tangu ajue kuandika hajawahi kuniandikia chini ya ukurasa, hata ruhusa ya kwenda kwa rafiki aliiomba kwa insha. Nilipokuwa mkuu wa shule, mwalimu mgeni nilimpa mwalimu mzoefu wa kuketi naye muhula mzima, amshike mkono, amtetee kwa wazazi. Ninyi mmempa nani? Nijibu hilo, mengine yanaweza kungoja.

Shangazi yako,
Rael


Al Wukair
1 Desemba 2024

Kwako Shangazi Rael,

Salamu nyingi sana na heri za sikukuu zinazokuja. Huku hewa imepoa, watu wanatoka nje jioni na watoto wao, mji unapendeza. Mimi niko salama. Nimefurahi baba anafika barabarani. Mahindi uyauze tu, Shangazi, kabla hayajakufanya ushindwe kulala.

Nimechelewa kukujibu kwa kuwa nilitaka swali lako nilijibu vizuri. Mwezi wa kumi wazazi walikuja kuona walimu. Kuna mama mmoja anayekaa The Pearl, kule kisiwani kwa wenye nazo, mtoto wake yuko kwa Stacy. Aliingia darasani, akamwona Stacy, akamwuliza mwalimu atafika saa ngapi. Stacy akamwambia, "Mwalimu ni mimi." Yule mama akatabasamu kwa adabu, akaenda moja kwa moja ofisini. Wengine wakamfuata. Wanataka Mwingereza.

Sasa shule haikumfukuza, na hapo uishukuru. Stacy ndiye mwalimu bora wa kusomesha watoto wadogo tuliyewahi kumpata. Tukatafuta njia, na kwa kuwa wewe ni mtu wangu nitakwambia ukweli, njia ilikuwa yangu. Kuna msichana wa Ulaya anaitwa Ilona, mwalimu wa michezo. Kiingereza alijifunzia ukubwani na kinamchenga, lakini wazazi wakimtazama wanaridhika. Kila Alhamisi shule huwatumia wazazi video ya darasa. Kwenye video anasimama Ilona. Stacy anapiga magoti chini ya meza ya mwalimu, kamera isipomfikia, anamnong'oneza sentensi, Ilona anaisema. Watoto wameambiwa ni mchezo. Siku ya wazazi, Stacy anapanga vitabu stoo. Siku nyingine zote darasa ni lake peke yake.

Wiki iliyopita nilimkuta chooni akilia. "Cuzo, mi hii siwezi," aliniambia. "Mtoto ameniuliza kwa nini naishi chini ya meza. Nimjibu nini? Niambie nimjibu nini." Anataka kuja nyumbani Krismasi na asirudi.

Nimemwambia avumilie, hataki. Mudira naye ameniambia wazi, mratibu akishindwa kumshika binamu yake, atamshika nani? Shangazi, nina miaka huku, nimeacha mengi, sitaki kuanza upya. Niandikie kitu kigumu nimsomee. Mimi hanisikii, wewe atakusikia.

Mwanao,
Nafula


Kimilili
15 Desemba 2024

Nafula,

Krismasi njema. Baba yako mguu umevimba tena kwa sababu aliacha dawa katikati. Mahindi niliyauza, usinifundishe.

Msomee haya.

"Stacy. Nimesikia unalia chooni. Mimi nilipelekwa kuwa mkuu wa shule ambayo walimu wanaume walibeba viti vyao wakaketi nje ili wasiwe na mkutano na mwanamke. Niliufanya mkutano na kuta. Nilifungua kwa maombi, nikafunga kwa maombi, na wiki ya pili nikaufanya tena, mpaka wakachoka wao. Wewe umeambiwa upige magoti kidogo siku moja kwa wiki na tayari unatafuta ndege. Nilisimama mbele ya kanisa nikakutaja kwa jina. Unataka nisimame tena nikawaambie nini? Ukirudi kabla mwaka wa shule haujaisha, kwangu usije. Nenda kwa yeyote atakayekufungulia. Mama yako."

Nadhani hiyo inatosha. Nimeiandika nikiwa na hasira na bado ninayo.

Na wewe nina neno lako. Kama wazazi hawamtaki aliye mweusi, na huyo Ilona hajui kufundisha, kwa nini hukumwambia mudira wako awaambie wazazi waende wakatafute shule nyingine? Mkuu wa shule kazi yake ndiyo hiyo. Hilo halikukujia akilini, ila meza ilikujia.

Rael


Al Wukair
2 Februari 2025

Kwako Shangazi Rael mpendwa,

Pokea salamu za mwaka mpya. Natumaini baba ameanza dawa upya. Mimi nimehamia nyumba nyingine hapa hapa Al Wukair, kubwa, ina mashine ya kufulia ndani na dirisha la jikoni linaona msikiti mpya. Nimepewa na shule. Utakuja kuelewa kwa nini.

Imefanya kazi! Nilimwita Stacy kwenye gari langu kwenye maegesho ya shule, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie ule mstari wa mwisho, nikarudia. Kisha akaomba aone mwandiko. Alipouona ni wako akanirudishia karatasi, akashuka, akaenda kufundisha. Ndege ya Krismasi hakuitaja tena.

Tangu siku hiyo ni mwalimu mwingine kabisa. Halalamiki. Hakai chooni. Anafika wa kwanza, watoto wake wanasoma vitabu vya darasa la pili. Mudira alinisifu mbele ya wakuu wa shule nyingine, akasema hapa tumejua namna ya kuwatunza walimu Waafrika, na akanipigia makofi. Ilona naye wazazi walimletea keki ya mwalimu bora, ya ghorofa tatu. Stacy nilimpelekea kipande stoo, na nilihakikisha ni kikubwa.

Jambo moja dogo. Amebadilisha nambari ya simu. Anasema ukiwa na neno lipitie kwangu. Mwache, ni hasira za kijana, zitapoa. La muhimu yupo kazini.

Mwanao,
Nafula


Kimilili
9 Machi 2025

Nafula,

Natumaini u mzima. Baba yako hajambo. Leo sina habari nyingine za nyumbani.

Velma alikuja kuniona. Ni yule nesi, mtoto wa mzee wa kanisa letu, alikuwa akisali na Stacy huko. Amemaliza mkataba, amerudi kabisa. Nilimwandalia chai nikitegemea kusifiwa. Hakugusa chai. Ameniambia Stacy amekwisha. Ameniambia magoti yake yameota sugu nyeusi, kwa sababu siku hizi si Alhamisi tu, mudira wako aliona video zinapendwa akataka za kila siku. Hilo hukuniandikia. Na ameniambia Stacy ananong'ona. Kanisani ananong'ona, sokoni ananong'ona, akiitwa kwa nyuma anaitika kwa kunong'ona, hata akiwa kwake peke yake akizungumza na sufuria. Sauti imekataa kupanda.

Nafula, mtoto huyo nilimzaa na sauti. Alikuwa akiita ng'ombe kutoka mtoni na jirani wa ng'ambo anadhani ni yeye ameitwa.

Velma akaniuliza kama ni kweli nilimkataza binti yangu kurudi nyumbani. Nikamwambia ni kweli. Alisimama akaondoka, na aliniaga kwa heshima, ambayo ilikuwa mbaya zaidi.

Nimefuta maneno yangu. Msomee haya, kwenye gari hilo hilo, kwa sauti hiyo hiyo uliyosomea yale:

"Stacy, rudi. Usingoje mwaka uishe. Usingoje kesho. Watu wa kanisa nitawajibu mimi. Nitakuja mwenyewe mpaka Nairobi kukupokea na sitakuuliza lolote. Nilikosea. Mama yako."

Velma nambari mpya ya Stacy hana. Ile ya zamani nimeijaribu kule dukani, ujumbe hauendi. Nina njia moja tu, ambayo ni wewe. Msafiri anaondoka kesho na barua hii.

Rael


Al Wukair
27 Aprili 2025

Kwako Shangazi Rael,

Salamu nyingi. Habari za mvua za masika? Tunasikia ni nyingi mwaka huu. Sisi huku Ramadhani ilipita vizuri, shule ilikuwa ikifungwa mapema, halafu Idi, halafu mambo mengi ya mitihani, ndiyo maana kalamu ilinipotea kidogo. Joto limeanza kurudi. Nimenunua pazia jipya. Baba nimemtafutia fimbo nzuri ya kutembelea, itakuja na mtu.

Velma mimi namjua, ni msichana mzuri ila manesi wamezoea kuona wagonjwa kila mahali. Stacy yupo. Anakula. Kila asubuhi napita darasani kwake kumwuliza kama amekunywa chai, na ananijibu. Sauti ni vumbi tu, kila mtu huku anakohoa.

Barua yako ya Machi ilinifikia. Nitakuwa mkweli kwako, sijamsomea. Usikasirike kabla hujanielewa. Mwaka wa shule unaisha mwezi wa sita. Nikimsomea leo, kesho yuko uwanja wa ndege, na watoto wake wanabaki na Ilona ambaye hawezi kufundisha hata herufi. Wewe ulikuwa mkuu wa shule. Ungemwachilia mwalimu wako bora kabla ya mitihani? Na yeye mwenyewe, akimaliza mwaka anapata barua nzuri ya sifa, akiondoka sasa anaondoka kama mtoro. Namhifadhia. Siku ya kufunga shule nitamsomea kila neno, naapa.

Na wewe mwenyewe ndiye uliyesema amalize mwaka. Mimi nimelishika neno lako la kwanza tu.

Mwanao,
Nafula


Kimilili
25 Mei 2025

Nafula,

Nilimwomba Chelsea wa duka la M-Pesa akutumie ujumbe kwa simu yake. Ameniambia umeusoma. Ameutuma mara tatu, mara zote umeusoma na hujajibu.

Sikukuomba ushauri. Sikukuuliza kuhusu mitihani ya watoto wa watu. Nimekutuma kwa mtoto wangu na umekaa juu ya maneno yangu. Yale makali uliyafikisha haraka, haya mengine umeyawekea siku ya kufunga shule.

Nilikuwa nikijiuliza utoto wako ulikosa nini. Sikupata. Ulishiba, ulisomeshwa, ulipendwa. Kwa hiyo hii ni tabia yako tu.

Msomee leo.

Rael


Al Wukair
5 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini baba aliipata fimbo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku kwa sababu viti vimechukuliwa. Nyumba inarudishwa kwa shule.

Nitaanza na Stacy, maana ndiye unayemtaka. Siku ya mwisho, watoto walipokwisha kuchukuliwa, nilimwita kwenye gari nikamsomea. Nilisoma vizuri, Shangazi, sikuruka neno. Akaichukua karatasi, akaangalia tarehe.

"Machi," akasema kwa ile sauti yake. "Na kila asubuhi unakuja kuniuliza kama nimekunywa chai."

Nikaanza kumweleza habari za mitihani na barua ya sifa. Hakunisikiliza. Akaniambia nyumbani haji. Ameshapata kazi. Yule mama wa The Pearl, wa kwanza kwenda ofisini kumkataa, aliona mtoto wake akitaka kusoma nyumbani anaingia na kitabu chini ya meza ya chakula. Nje ya meza hasomi. Akamwuliza ni nani aliyemfundisha hivyo, mtoto akamtaja Stacy. Basi akaja shule kumtafuta. Mimi niliyemwonyesha njia ya stoo nilidhani anakwenda kumwomba radhi. Kumbe alikwenda kumchukua awe yaya. Kama mwalimu hakumtaka. Kama kadama, mtumishi wa nyumbani, anamtaka sana, kibali kimehamishwa, chumba amempa, na mtoto anafundishwa kusoma jikoni baada ya vyombo.

Nikamwambia Stacy, una cheti cha ualimu, utaosha vyombo vya mtu aliyekutukana? Akasema, "Pale angalau nasimama wima."

Nikamwambia, mama anakuita. Akasema nikwambie hivi, nami nakuandikia alivyosema: "Mwambie mum nilimaliza mwaka kama alivyotaka. Niliumaliza nikijua sina kwetu. Sasa nimezoea, asinisumbue."

Wiki iliyopita nilikwenda The Pearl kumjaribu tena. Mlinzi alinituma kwenye lifti ya wafanyakazi. Nilingoja jikoni pamoja na mpishi. Stacy hakutoka, alikuwa akimwogesha mtoto, na yule mama akaniuliza kama najua walimu wengine kama yeye. Nilimtajia mmoja. Usinitazame hivyo, msichana ana shida na kazi ni kazi.

Mimi nimeachishwa kazi. Mudira aliniita, akanipa kahawa na tende, akanishukuru kwa moyo wote. Akasema hakuna mwalimu Mwafrika anayeondoka tena katikati ya mwaka, kwa hiyo tatizo limekwisha, na cheo cha kulitatua kimekwisha pia. Nikamkumbusha kwamba mimi kabla ya yote ni mwalimu, anirudishe darasani. Akasema wazazi wamezoea sura zilizo kwenye video. Akanisindikiza mpaka mlangoni.

Shangazi, najua una hasira nami. Lakini yale maneno ya Desemba yalikuwa yako, mwandiko ulikuwa wako, mimi nilisoma tu. Nasikia shule uliyostaafia, ambayo wewe ni mwenyekiti wa bodi yake, inatafuta mwalimu wa darasa la kwanza. Naomba uniwekee neno. Kibali changu kinaisha na sina pa kwenda. Mimi ni damu ya kaka yako.

Nafula


Kimilili
3 Agosti 2025

Nafula,

Baba yako ni mzima na fimbo anayo. Nimemsomea barua yako yote. Aliniomba nimsomee mara mbili pale pa jikoni na mpishi, akaenda kulala mchana.

Sikukaa kimya mwezi huu. Gerishon alikuwa tena likizo, na alipokuwa akirudi huko nilimpa barua ya kumpa Stacy mkononi mwake mwenyewe. Alifika mpaka mlango wa nyuma wa nyumba hiyo. Stacy alimtolea maji, akamwuliza habari za safari, na barua hakuichukua. Gerishon anasema alimwambia ni ya mama, naye akasema anaujua mwandiko. Barua imenirudia, haijafunguliwa. Nimelia, Nafula. Nakwambia ili usije ukadhani sijui kulia.

Ulichosema kuhusu Desemba ni kweli. Maneno yalikuwa yangu. Sitakuachia huo mzigo uubebe peke yako, na wangu sitamwachia mtu mwingine.

Bodi ilikutana Ijumaa. Wajumbe wawili walitaka mwalimu mwenye umri mdogo. Niliwaambia mtoto wa kaka yangu ana uzoefu mkubwa wa kuwafanya walimu wasiondoke, na kwamba mimi mwenyewe nitahakikisha yeye haondoki. Kazi umepata. Darasa la kwanza, kuanzia muhula wa tatu. Hutatafuta nyumba. Utakaa kwangu, utalala kitanda cha Stacy, na nguo zake zilizobaki kabatini hazitatolewa, utaweka zako kando yake.

Jumapili utakaa nami benchi la mbele. Watu wa kanisa bado wananiuliza baada ya ibada Stacy anarudi lini, na mke wa diwani ndiye anayeuliza kwa sauti zaidi. Mimi sitawajibu tena. Nitawaelekeza kwako. Utasimama ugeuke, uwaambie ulimfanyia nini na sasa yuko wapi, kwa sauti, mpaka walioketi nyuma wasikie. Wasiposikia, utarudia Jumapili inayofuata.

Shangazi yako,
Rael